Jibu la Tatu

Sista alitoka kwenye chumba cha chanjo na kikombe cha chai mkononi, akatuangalia sote tuliobanana kwenye benchi na watoto wetu, akasema kwa sauti ya mtu aliyechoka kurudia jambo moja, "Wa surua mwende nyumbani. Surua hakuna. Haijaletwa tangu wiki iliyopita." Neema wangu alikuwa amepita miezi tisa, umri wa kudungwa sindano hiyo, na hii ilikuwa mara ya tatu tunarudishwa. Nilitoa simu. Ujumbe ulikuwa bado uko pale juu, niliupata asubuhi nikimwogesha mtoto: Chanjo ya surua ipo leo. Karibu, mama. Nikamsogezea sista. "Niliuliza kwanza, nikaambiwa ipo." Akauliza nimeambiwa na nani. Nikamwambia na ile namba ya ujumbe, ile iliyobandikwa hapo mlangoni kwao. "Basi hiyo namba ikuchanjie mtoto," akasema, na benchi zima likacheka, kile kicheko cha watu ambao hawana lingine la kufanya. Mama mmoja tu hakucheka. Alikuwa na pacha, mmoja mgongoni, mwingine mapajani, na bado alikuwa amevaa dasti koti ya kiwandani. "Hata mimi niliambiwa na hiyo," akasema, akiinua simu yake ndogo ya vibonyezo. "Nimeomba supavaisa ruhusa. Kwa kibarua huombi ruhusa mara mbili. Sasa nitawaleta siku gani?" Alikuwa ananiangalia mimi, sijui kwa nini mimi.

Maneno yale, Karibu, mama, niliyajua kuliko alivyoyajua mtu yeyote kwenye lile benchi, kwa sababu niliyaandika mimi. Nilisimama, nikamkaza Neema mgongoni, nikapita pembeni mwa sista hadi kwenye dawati la kona lililokuwa na kompyuta ya kliniki. Skrini ilikuwa nyeusi. Waya wake ulikuwa umechomolewa ukutani, umekunjwa vizuri na kufungwa na kitambaa cha bandeji, na kwenye soketi yake palikuwa pamechomekwa friji ya chanjo. "Hii kompyuta imezimwa tangu lini?" nikauliza. Sista akanywa chai yake kwanza. "Tangu soketi ile nyingine iungue. Nilikuwa na soketi moja, nina friji na kompyuta. Wewe ungechagua nini?" Nikasema friji. "Basi tumeelewana, mama." Na kweli tulikuwa tumeelewana. Nilichokuwa sielewi ni jinsi kompyuta isiyo na stima ilivyonijibu asubuhi ile na kunikaribisha.

Hapo ndipo subira yangu ilipoisha. Watu wakisema hivyo huwa wanamaanisha walipiga kelele. Mimi sikupiga kelele. Niligeuka nikawaambia wale akina mama, "Hii namba msiiulize tena. Inadanganya. Haijaongea na hii kliniki siku nyingi, inajibu tu." Mmoja akaniuliza nimejuaje. "Mimi ni mmoja wa wale wameitengeneza." Hapo kicheko kilikwisha. Mama wa pacha alinikazia macho, hata hakuwa na hasira, na hilo lilinichoma zaidi. "Basi kama ni wewe umeitengeneza, tuambie tukuje lini." Nilifungua mdomo. Ningeweza kusema kesho, au Jumatatu, au karibuni. Nikamwambia, "Sijui." Akatikisa kichwa polepole, akaanza kuwafunika wanawe. "Angalau," akasema.

Nimeyakumbuka haya yote kwa sababu ya pilau ya Hafsa. Hafsa ndiye niliyekaa naye dawati moja mwaka ule, na mwezi uliopita alituita kwake Ziwani, sisi wachache wa lile darasa ambao bado tunajuliana hali, aliyekuwa mwalimu wetu Wekesa akiwemo. Tulikaa mkekani sebuleni, kachumbari ikizunguka, mtoto wangu wa pili, Baraka, akinivuta ushungi wa kanga. Ana miezi minane sasa. Wekesa ameanza kupata mvi na tumbo zuri. Aliposhiba alifuta vidole akasema, "Mnakumbuka Mama Neema alivyotufungia mradi kwa neno moja tu? Sijui." Alilitamka kwa kubinua midomo, kama mtoto anayesusa, na watu wakacheka hadi mmoja akapaliwa na wali. Mimi nilimalizia nyama yangu. Nilimwangalia Hafsa, naye akaangalia sinia. Nilirudi nyumbani nimegundua kwamba kwao ule mwaka umekuwa kichekesho cha kushushia pilau. Si kichekesho. Nitauandika jinsi ulivyokuwa, na ya nyumbani kwetu nitayaruka: nilikuwa na cheti cha kidato cha nne, mtoto mchanga, na sikuwa na kazi. Hayo yanatosha.

Darasa lilikuwa ghorofani huko Umoja, juu ya duka la vioo vya madirisha. Fundi akikata kioo kule chini, sote juu tuliuma meno. Chumba kilikuwa sebule ya mtu hapo awali. Ukutani kulikuwa bado na msumari wa kalenda na alama ya kochi lililosugua rangi miaka mingi. Meza zilipangwa kuzunguka kuta, katikati palibaki kipande cha zulia, na hapo ndipo Neema alipojifunzia kukaa, kisha kutambaa, akivuta waya mmoja baada ya mwingine. Wekesa hakuwahi kumkataza mtoto, hilo lazima niseme. Siku ya kwanza alimwinua akawaambia wenzangu, "Huyu naye ni mwanafunzi, mkimkuta amelala msikanyage." Mradi ulikuwa wa shirika moja lenye wafadhili wa nje, ambalo sitalitaja: vijana wa mtaa wafundishwe kutengeneza programu, halafu programu hizo zisaidie mtaa. Wawili watakaofanya vizuri wangepewa kazi. Kila mmoja wetu alijihesabu kuwa mmoja wa hao wawili, hata yule aliyekuwa bado anatafuta herufi kwenye kibodi kwa kidole kimoja.

Tulichofundishwa ni kutengeneza huduma za wavuti, yaani programu ambazo hazina sura. Huoni kitufe wala picha. Zinakaa kwenye seva mahali fulani zikingoja programu nyingine iziulize kitu, zijibu, basi. Na hatukuzijenga kuanzia mchangani. Tulitumia kiunzi, kile watu wa kazi hii wanakiita fremuweki, na Wekesa alitufafanulia kwa kutuita dirishani. "Ona hizo nyumba," akasema. "Baraza la jiji lilimpa mtu msingi, ukuta, choo na maji. Vyumba vya nyuma, ghorofa, duka la mbele, akaongeza mwenyewe. Kiunzi ndicho hicho. Kuta na mabomba umepewa. Kazi yako ni kuongeza vyumba, na usizibe choo cha jirani." Tangu siku hiyo nilielewa. Kiunzi kilijua tayari jinsi ya kupokea swali kutoka mbali, kuangalia anayeuliza ni nani, na kurudisha jibu. Sisi tuliandika swali ni lipi na jibu liwe nini. Mwalimu wangu wa hesabu sekondari angeniona naandika mambo hayo angeomba kiti akae.

Huduma ya chanjo lilikuwa wazo langu, na nililitoa kwa hasira. Nilikuwa nimerudishwa kliniki na Neema mara ya kwanza, kwa chanjo nyingine, nikaingia darasani jua limenichoma, nikasema, "Kwani hawawezi kutuambia chanjo imeisha kabla hatujatoka nyumbani?" Wekesa akasema hiyo ndiyo kazi ya wiki hiyo. Ikawa kazi ya miezi. Mpango ulikuwa rahisi. Mama anatuma ujumbe mfupi. Huduma yetu inaupokea, inaiuliza kompyuta ya kliniki kama chanjo fulani ipo, kompyuta ya kliniki inaangalia kile alichoandika sista asubuhi, inajibu, na sisi tunampelekea mama. Kuandika ipo na imeisha kulituchukua siku chache. Kilichotutoa jasho ni kitu cha katikati, ile safari ya kwenda kliniki na kurudi, kwa sababu safari hiyo inapita kwenye mtandao unaokatika, na inaishia kwenye soketi ambayo mtu anaweza kuichomoa.

Mimi niliielewa kama kumtuma mtoto dukani akaulize unga. Akirudi akasema upo, sawa. Akirudi akasema umeisha, sawa. Lakini kuna siku mtoto harudi. Amekutana na wenzake, au duka limefungwa, au amesimama tu mahali. Wewe mama uko jikoni na sufuria ya maji inachemka. Huwezi kusema unga upo kwa sababu juzi ulikuwepo. Unasema bado sijui. Kwa hiyo nikaandika jibu la tatu. Kama kliniki haijajibu kwa muda tuliouweka, mama aletewe maneno haya: Kliniki haijatujibu. Hatujui kama chanjo ipo. Piga simu kwanza kabla ya kutoka. Chini yake namba ya kliniki. Nililiandika mwenyewe, Hafsa akalijaribu kwa kuchomoa waya wa intaneti na kuurudisha, tukaona linafanya kazi, tukaagiza chapati na madondo kwa mama muuza chakula wa chini kusherehekea. Tulikula sahani zikiwa mapajani, tukimlisha Neema maharagwe yaliyopondwa.

Mazungumzo ya chakula hicho nimeyabeba hadi leo, ingawa siku hiyo hayakuwa na uzito wowote. Hafsa alikuwa anasimulia alivyokutana na mzee mmoja karibu na Muthurwa akitafuta kanisa fulani. "Nikamwonyesha na mkono, hapo mbele tu, ukipita wale wa mitumba."

"Na kanisa liko hapo?" kijana mmoja akauliza.

"Mimi nitajulia wapi kanisa? Mimi ni wa msikiti."

Tulicheka hadi fundi wa vioo akagonga dari kutoka chini. "Manze, si ungemwambia tu hujui?" yule kijana akasema.

"Mzee wa watu amenisimamisha, jasho linamtoka, nimwambie sijui? Nina roho mbaya hivyo?"

"Sasa ametembea bure."

"Lakini ametembea akiwa na furaha," Wekesa akaongezea, na tukacheka tena, mimi nikiwa mmoja wao. Kwa kweli hivyo ndivyo tulivyo. Mtu akikuuliza njia kwetu, hukuti anayekuambia hajui. Watakuonyesha hapo mbele tu, kila mmoja na mkono wake, utazunguka hadi viatu viishe soli, na wote waliokuonyesha watakuwa wameenda nyumbani wakijiona watu wema. Sijui ni kama kumfungia mgeni mlango. Nimeishi na tabia hiyo maisha yangu yote bila kuigombeza, hadi ilipoingizwa kwenye mashine na kuanza kuwajibu akina mama wenye watoto.

Iliingizwa hivi. Wafadhili walikuja kuona kazi yetu. Chumba kilipigwa deki, msumari wa kalenda ukafunikwa na bango la mradi, na mimi nikaulizwa kwa upole kama kuna jirani anayeweza kukaa na Neema hadi mchana. Jirani alikuwepo, lakini Neema alikataa kuachwa, kwa hiyo naye alikuwepo, amevaa viatu vya kuazima. Wageni walikuwa bado njiani Wekesa alipojaribu mara ya mwisho. Akatuma ujumbe. Tukangoja. Kile kiduara cha skrini kilizunguka, kikazunguka, kisha likaja jibu la tatu: Hatujui kama chanjo ipo. Kompyuta ya kliniki ilikuwa imewashwa siku hiyo, sista alikuwa ameahidi, ila mtandao ulikuwa unasuasua. Wekesa alishika kiuno. Akatuambia mimi na Hafsa tushuke tununue soda za wageni. Tuliporudi na kreti, alikuwa ameketi kwenye kompyuta yangu, akainuka haraka, akasema mtandao umerudi. Wageni walipouliza, jibu lilirudi mara moja: Chanjo ya surua ipo leo. Karibu, mama. Wakajaribu tena, na tena, kila mara papo hapo. Mwanamke mmoja wa wale wageni alimbusu Neema kwenye paji la uso. Tulipiga makofi. Siku hiyo, chanjo ilikuwepo kweli, ila Neema alikuwa bado hajafikisha miezi tisa.

Sasa rudini nami kwenye ile siku ya benchi. Kutoka kliniki nilienda moja kwa moja darasani, Neema akilia njaa mgongoni, nikakaa nikamnyonyesha kwa mkono mmoja na kufungua programu kwa mkono wa pili. Sikuhitaji kutafuta sana. Mahali nilipokuwa nimeandika jibu la tatu, maneno yangu hayakuwepo. Palikuwa na amri nyingine: kliniki isipojibu, toa jibu la mwisho ililowahi kutoa. Na jibu la mwisho lilikuwa ni lile la siku ya wageni. Sista aliichomoa kompyuta yake wiki hiyo hiyo, na tangu hapo huduma yetu ilikuwa inaishi siku moja tu. Kwake kila asubuhi ilikuwa ile asubuhi ya soda na makofi. Chanjo ilipokwisha, ilisema ipo. Akina mama walipotembea, ilisema karibu. Hapo mbele tu.

Wekesa aliingia akiwa na mfuko wa mandazi. "Sasa, Mama Neema. Mbona uso hivyo?" Nikamgeuzia skrini. Aliangalia, akaweka mandazi mezani, akavuta kiti.

"Hiyo ni ya muda tu," akasema.

"Muda wa nini?"

"Hadi tupate fedha za awamu ya pili. Walikuwa mlangoni, uliona mwenyewe. Ungetaka wasome hatujui?"

"Walisharudi kwao, Mwalimu. Mbona hukuitoa?"

Alishika paji la uso. Alisema watu wa ofisi wanaangalia takwimu za majibu, kwamba zile za hatujui zinahesabiwa kama huduma imeshindwa, kwamba tangu abadilishe, ripoti imekuwa nzuri ajabu. "Mama akiuliza leo aambiwe hatujui, kesho aambiwe hatujui, atauliza tena kweli? Lazima mtu umpe kitu."

"Tumempa. Leo kuna mama wa pacha tumempa matembezi. Ameomba ruhusa kibaruani, na hatapewa nyingine."

"Hilo ni la kliniki. Wao ndio wamezima kompyuta."

"Wamezima ndiyo maana hatujui. Si tuseme hatujui?"

"Unajua shida yako," akasema, na hapa aliteremsha sauti, na alikuwa anamaanisha wema, nina hakika. "Unafanya kazi nzuri kuliko hawa wote, lakini huna breki. Zile nafasi mbili, jina lako nimelipeleka. Bado hawajaamua. Usinifanye nirudi huko kueleza mambo. Mfikirie mtoto." Neema alikuwa ameshiba, amelala, maziwa yakimtoka pembeni mwa mdomo. Bila chanjo. Nikamwambia ninamfikiria kuliko anavyodhani.

Nilirudisha jibu la tatu kwa mkono wangu jioni hiyo, nikajaribu, likafanya kazi. Kesho yake nikauliza ile namba kwa simu yangu, nikakaribishwa tena. Nilipojaribu kuingia kwenye seva, neno langu la siri lilikataliwa. La Hafsa pia. Wekesa aliniambia wamebadilisha kwa sababu za usalama. Siku hizo nilikuwa na hasira ambayo haikuwa na mahali pa kukaa. Nilifua nguo safi. Nilimgombeza muuza sukuma kwa majani yaliyonyauka. Nilikuwa nikitembea njiani nikiona mwanamke ana mtoto mgongoni na simu mkononi natamani kumpokonya ile simu. Si kwamba nilikuwa nimedanganywa. Umoja mtu hudanganywa kila siku na bado hula chakula chake. Ni kwamba nilikuwa nimejifunza kitu kigumu, nikakiweza, nikaandika jambo moja la kweli ndani yake, na hilo moja ndilo lililotolewa kwa sababu halipendezi.

Hafsa ndiye aliyesema niandike. Alisema kwa kunong'ona, tukiwa tunaosha vikombe. Yeye hakutaka kuweka jina lake, alikuwa na mama mgonjwa na alihitaji ile kazi, na sikumlaumu wakati ule, simlaumu sasa. Lakini aliisoma rasimu yangu ya kwanza akairudisha akisema, "Ondoa matusi, mengine acha." Niliondoa. Niliandika kwa mkono kwenye fulskepu, nikapiga nakala, kisha tukaenda wote hadi ofisi ya mradi, kwenye jengo moja mbele ya Muthurwa, Hafsa akinibebea Neema hadi mlangoni na kubaki nje akijifanya anachagua nyanya. Dada wa mapokezi alisema, "Iache hapo, watakupigia." Nikamwambia apige mhuri kwenye nakala yangu. "Mhuri wa nini?" Nikasema wa kuonyesha kwamba imefika. "Imefika, si naiona?" Nikasema na mimi nataka niione. Nilisimama hapo hadi watu nyuma yangu wakaanza kuguna, na mhuri ukapigwa, Imepokelewa, umepinda.

Yaliyofuata ni machache. Hawakunipigia. Huduma ilizimwa, bango likatolewa mlangoni pa kliniki, kisha baada ya muda mrefu ikarudi na jibu la tatu ndani yake, maneno yangu yale yale, bila mtu kuniambia lolote. Awamu ya pili haikuja, na ndiyo maana Wekesa husema niliufunga mradi. Kazi mbili walipewa wengine, Hafsa hakuwa mmoja wao. Leo mimi na yeye tunatengeneza mifumo ya maduka ya jumla, godauni moja iulize nyingine kama mzigo upo, na kila kiunzi ninachokishika, kipya au cha zamani, chumba cha kwanza ninachokijenga ni cha kutojua. Neema alichanjwa mwezi mmoja baadaye, safari ya nne. Wale pacha sijui. Niliuliza kwa sista, niliangalia kila benchi nililokaa tangu siku ile. Mwezi ujao nitampeleka Baraka, na najua nitaangalia tena.

Barua niliitoa kwenye bahasha usiku wa pilau. Karatasi imekuwa ya manjano kwenye mikunjo. Ninainakili hapa bila kubadilisha kitu, ili anayetaka kucheka acheke akiwa ameisoma.

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Mradi.

KUH: MALALAMIKO KUHUSU HUDUMA YA UJUMBE WA CHANJO

Mimi ni mwanafunzi katika darasa lenu la Umoja na ni mmoja wa walioandika huduma iliyotajwa hapo juu. Mimi pia ni mzazi niliyeitumia. Ninalalamika katika nafasi zote mbili.

Huduma hii inatakiwa kuiuliza kompyuta ya kliniki kama chanjo ipo. Kompyuta hiyo haina stima kwa sasa, na muuguzi ana sababu nzuri, kwa hiyo asilaumiwe. Huduma yenu haisemi kwamba haijajibiwa. Inarudia jibu la siku mliyokuja na wageni. Mimi na wazazi wengine tumefika kliniki na watoto wa miezi tisa kwa sababu ya jibu hilo, tukarudishwa. Mmoja wetu aliacha kibarua siku hiyo akiwa na watoto wawili, na hajui atapata wapi siku nyingine.

Jibu la kusema hatujui lilikuwepo. Nililiandika mimi. Liliondolewa ili ripoti ionekane vizuri. Nilipolirudisha, nilifungiwa mlango wa seva.

Ninaomba mambo mawili. Huduma izimwe leo, kwa sababu kimya ni bora kwa mama kuliko uongo. Ikiwashwa tena, iwe na jibu la tatu.

Nimeambiwa kwamba jina langu lipo kati ya wanaofikiriwa kupewa kazi. Kama barua hii inaliondoa, liondoeni, lakini msiache kuisoma kwa sababu hiyo.

Ninangoja majibu yenu kwa maandishi, mnijulishe ni lini mtairekebisha. Na kama hamjui ni lini, niandikieni kwamba hamjui. Nitawaelewa.

Mama Neema
Umoja